Karatasi Niliyosema Nimeisoma

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipovuka maji kwenda Mokowe, bara, na karatasi mfukoni, moyo ukiniambia nirudi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami mkubwa wao nikabaki na wawili: Shee, aliyekuwa bado shuleni, na Amina, mtoto wa miaka saba. Shule mimi niliiacha mapema, maana herufi hazipikiki. Ami yetu wa Siyu hakuwa mtu mbaya, lakini alisema kijana asiye na kazi ya kueleweka hawezi kulea watoto. Angewachukua wote wawili, mmoja akae kwake, mwingine kwa shangazi yetu wa Mbwajumali. Nikamwomba asubiri.

Siku hizo nilikuwa nikijifunza kwa Fundi Kombo, mtengenezaji magari wa Mokowe, kwa sababu huku kisiwani kwetu magari hayakuwako. Fundi aliahidi mbele ya ami kwamba nikifanya kazi moja peke yangu, mwanzo hadi mwisho, nayo ikawa imara, atanipa ujira wa fundi. Ami akakubali kwamba hapo watoto watabaki nami mtaani kwetu Langoni.

Kazi ikaja. Lilikuwa gari kuukuu la Kimarekani, pana kama kitanda cha arusi, lililochukua abiria hadi Witu. Bushi zake, zile raba zinazokaa kwenye matundu ya springi ili chuma kisisagane na chuma, zilikuwa zimelika. Kila shimo gari liligonga na kuyumba. Bushi mpya zilitoka Mombasa ndani ya boksi, pamoja na karatasi ya Kiingereza. Fundi aliponiuliza kama nitaweza kuisoma, nilisema nimekwisha kuisoma. Neno dogo, mwanangu, halikuzidi pumzi moja.

Nikalinyanyua gari kwa jeki, nikafungua nati zilizoshikwa na kutu, nikatoa raba kuukuu vipande vipande. Mpya zikakataa kuingia. Sasa sisi watu wa visiwani tumelelewa hivi: kinacholia, kinachokaza, kipake sifa, mafuta ya papa. Mbao za chombo hupakwa hayo, na bawaba za mlango pia. Nikaleta kopo kutoka nyumbani, nikaziloweka bushi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ziliingia kama kidole katika samli. Gari likaenda kimya, watu wakanisifu. Walicheka tu kuwa paka wa Mokowe walilifuata, na dereva akasema hajapata kuendesha papa maishani mwake. Fundi akampelekea ami habari njema.

Siku ya tatu Shee aliikuta ile karatasi katika shati langu. Akaisoma, kisha akaisoma tena.

"Kaka, hapa wamesema usipake mafuta ya namna yoyote. Yanaila raba. Utumie maji ya sabuni." Akaniangalia. "Wewe ulitumia nini?"

Nilikaa barazani mpaka chai ikapoa. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, gari lile lingepakia watu wa arusi kwenda Witu, wanawake na watoto. Raba isingeachia siku hiyo, labda, wala wiki hiyo. Lakini ingevimba, ingelegea, na siku moja springi ingehama mahali pake na gari kumshinda dereva. Aliyejua ni mimi na Shee tu. Nikinyamaza, ndugu zangu wanabaki. Nikisema, wanakwenda.

Nikavuka. Nilimkuta Fundi Kombo anakunywa kahawa, na ami yuko ubavuni mwake, amekuja kuhakikisha habari. Nikaitoa karatasi mbele yao nikasema nililofanya. Fundi aliingia mwenyewe chini ya gari, akaichoma raba kwa msumari, na msumari ukazama kama katika muhogo wa kuchemsha. Alipotoka alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Bakari, kutojua kusoma si aibu. Mimi mwenyewe nasoma kwa kubabaisha. Aibu ni kuniambia umesoma, nami nikawapakia watu juu ya neno lako." Kisha akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umeinama chini ya gari, hukuinama kuuliza."

Gari likasimama wiki nyingi kungoja bushi nyingine. Ami alishika neno lake, akamchukua Amina. Lakini Shee, ami aliniachia. Alisema ananiachia kwa kuwa nimevuka mwenyewe kuja kusema. Amina hakulia. Aliniuliza tu huko Siyu nani atamsuka nywele.

Kila alasiri Shee alinifundisha kwa karatasi ileile. Maneno ya kwanza niliyopata kuyasoma ya Kiingereza ni yale ya kukataza mafuta. Bushi zilipofika niliisoma karatasi kwa sauti mbele ya Fundi, nikachukua sabuni, na kazi ikawa imara. Amina alirudi mwaka wa pili. Alikuwa amezoea kumwita mwanamke mwingine mama, na nywele zake hakutaka tena nimsuke mimi.

Basi mwanangu, usiseme umesoma usichokisoma. Dawa ya mbao ni sumu ya raba, na mazoea ya kwenu hayatoshi kila mahali. Uliza, hata kama wa kumuuliza ni mdogo wako uliyemlea. Na ukikosea, uvuke siku hiyo hiyo ukaseme, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hicho huenda kikawa cha mtoto wa mtu. Utapoteza kitu. Mimi nilipoteza. Lakini watu wa arusi ile walifika kwao wazima, bila kubebwa.

Mola akupe ulimi usioona haya kuuliza, akuwekee ndugu zako karibu nawe, na ndia zako zote azinyooshe. Amin.