Hoja ya Mama

Mama alianza kufuatilia mambo ya bunge la kaunti kwa sababu ya ubao. Ubao wenyewe umelazwa juu ya mto ulio chini ya Laini Saba, mtaa wetu hapa Kibera, na sisi wa huku huupita kila siku kwenda ng'ambo. Baba alikuwa fundi wa vitanda. Msimu mmoja wa mvua kubwa alijitwika fremu ya kitanda cha mteja, akafika katikati ya ubao, akateleza. Kitanda kilionekana kwanza, kimenasa kwenye takataka. Yeye tulimpata kesho yake.

Kwenye matanga alikuja mwanamume aliyekuwa akitafuta kiti cha mwakilishi wadi, MCA kama tunavyosema. Alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia mama, "Mama, mkinipeleka bunge, hoja yangu ya kwanza ni hiyo daraja." Nilimchukia papo hapo. Wanasiasa wanapenda matanga kuliko sisi wafiwa. Lakini mama alilishika lile neno, hoja, akalitunza.

Siku ya uchaguzi mtu hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na ya MCA. Mama alikuwa na kura moja tu moyoni. Tulipanga foleni kabla hakujakucha, naye akawa ananiuliza kila mara, "Ni ile ya kaki, eh?" Ndiyo, ya MCA ni ya kaki, mama, ni ya kaki. Alitoka na wino kidoleni, ametulia. Hizo nyingine tano sijui alizifanyaje.

Mtu wetu akashinda. Na kusema kweli, hoja aliipeleka.

Siku ya kusomwa kwake tulikwenda mjini, tukaketi kwenye viti vya wageni, mama amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Nikamweleza kwa kunong'ona niliyoyajua. Wale wamechaguliwa, mmoja kwa kila wadi. Hawa wengine wameteuliwa na vyama, kila chama kwa kadiri ya viti kilivyoshinda. Yule wa kiti cha juu ni spika. Yeye hana wadi, amechaguliwa na hao waliomo ndani.

"Kwa hivyo huyo hana mto," mama akasema.

Walizozana kwanza juu ya nani aongoze kamati gani, wakazozana mpaka mama akasinzia. Nilimwamsha hoja yetu iliposomwa. Mtu wetu alizungumza vizuri, mwenzake akamuunga mkono, kisha ikaamuliwa ipelekwe kwa kamati ikachunguzwe. Mama alinifinya mkono kwa furaha.

Kwetu kamati ni jambo zito. Ukisikia kamati Kibera, ni ya mazishi au ya harusi. Watu wanakutana jioni kwa mtu, huyu analeta sufuria, yule anatafuta hema, na kabla wiki haijaisha marehemu amezikwa kwao Kitui na watu wamekula. Kamati ya baba ilifanya hivyo hivyo. Kwa hiyo mama alihesabu daraja limeshapatikana, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kuna kamati na kamati.

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Kila akienda kuuliza aliambiwa iko kwa kamati. Akirudi anatuambia, "Wanaendelea." Wanaendelea! Hasira ilikuwa inanipanda, lakini yeye alikuwa akilisema kwa upole, na upole wake ulikuwa unaniumiza zaidi. Akipika jioni, mvua ikianza kupiga mabati, alikuwa anaacha mwiko na kusikiliza.

Uchaguzi ukaja tena, mtu wetu akaanguka. Tukaenda ofisi ya wadi kwa MCA mpya. Tulimkuta msichana wa ofisini, mwenye adabu zake, akatuketisha, akapiga simu mbili tatu. Kisha akamgeukia mama.

"Mathe, pole. Hiyo hoja ilikufa."

Mama akauliza, "Ilikufa lini?"

"Bunge ikiisha, kitu haijamalizwa inakufa. Ndiyo sheria."

"Na hakuna mtu aliambiwa?"

"Hakuna mtu huambiwa, mathe. Inakufa tu."

Mama alivuta leso mabegani, kama alivyoivuta siku ile walipokuja kutuita mtoni. Nikajua ameumia mahali pale pale. Nililia mbele ya yule msichana bila aibu, maana neno lile, kufa, nililifahamu kuwa la kazi ya bunge tu, na bado lilinichoma.

Msichana akaona ametukosea, akaharakisha kutufariji. "Lakini si mbaya hivyo! Mheshimiwa mpya anaweza kuifufua. Hoja hufufuliwa. Inaanza upya tu, kama mpya."

Mama alimwangalia bila ukali.

"Huko kwenu mna bahati," akamwambia.

Yule binti hakuelewa, au alielewa akaona afadhali aendelee na kazi. Akachukua kalamu. "Sasa niambie, mathe, niandike sababu gani ya hiyo daraja?"

"Ni ile ile," mama akasema. "Yeye hajafufuka."

Tukarudi nyumbani kwa ubao ule ule, mama mbele, mimi nimemshika leso kwa nyuma.