Dada Aliyesalimia Kutoka Kwenye Spika

Mara ya kwanza dada yangu kutusalimia baada ya kumzika ilikuwa mchana, jua linawaka, mama amekaa mkekani anachambua mchele. Sauti ilitokea upande wa stendi ya Buzuruga, ikapanda na barabara kuja kwetu: “Shikamooni wazazi wangu. Hamjambo ndugu zangu?” Mama hakushtuka. Aliweka ungo chini, akajibu, “Marahaba, mwanangu.”

Mimi ndiye niliyeshtuka. Nilitoka mbio hadi barabarani, nikakuta pikapu nyeupe yenye spika mbili juu inatambaa taratibu. Kwenye spika dada yangu anaeleza jinsi tumbo lilivyomtesa, jinsi alivyokunywa chai ya bangi, na kwamba sasa haumwi tena. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya jiko letu, udongo haujashikana vizuri. Gari likapita hatua chache kutoka pale.

Ngoja nieleze hilo gari lilitoka wapi. Miaka ile ya soko huria kila mtu alikuwa na kampuni, na kila kampuni ilikuwa na kikundi chake cha kuisemea. Wakulima wa Magu walikuwa na pamba na hawajui waipeleke wapi. Ndipo wakaja hao wenye pikapu, wakitaka sheria ibadilishwe, bangi ilimwe na kuuzwa wazi kama tumbaku. Walijiita watetezi wa mkulima. Thubutu! Mkulima gani ana pikapu mpya, jenereta, na fulana za kugawia stendi nzima? Fedha ilikuwa ya kampuni iliyotaka kulinunua jani hilo peke yake siku likiruhusiwa, na wala hawakuficha, maana jina la kampuni liliandikwa mgongoni mwa fulana. Polisi waliwaangalia kwa mbali tu. Kusema si kuvuta.

Dada walimkuta mgonjwa, ana uvimbe tumboni, hospitali wameshaturudisha nyumbani. Walikuja na chai yao kwenye chupa, na kinasa sauti. Sikatai, ile chai ilimpa usingizi. Mama naye akalala, jambo ambalo nilikuwa nimeshalisahau. Kwa hiyo walipomwomba dada aseme neno, alilisema kwa moyo wote, akaanza na shikamoo kama alivyofundishwa nyumbani. Haukupita muda akafariki. Sisi tukazika, wao wakaendelea kuzunguka na kaseti.

Asili yetu ni Ukerewe. Nyumbani kwetu mama wa marehemu haondoki mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Hanyolewi, hapiki, hatoki nje ya ua. Wa kuanua alikuwa baba mdogo, mzee wa kanisa, akaja kwa meli kutoka Nansio na mbuzi wake. Wembe ulikuwa tayari, maji yako kwenye beseni, mama ameshainamisha kichwa. Mara tukasikia, “Shikamooni wazazi wangu.”

“Marahaba, mwanangu,” mama akaitikia pale pale alipoinama.

Baba mdogo alirudisha wembe mfukoni. “Mimi siwezi kuanua matanga ya mtu anayesalimia watu barabarani,” alisema. “Mnyamazisheni kwanza.”

“Ni kaseti, baba.”

“Kaseti naijua, hata mimi nina redio. Nakuuliza, anayesalimia ni nani?”

Alirudi Nansio na meli ya kesho yake, mbuzi akatuachia uani analia.

Mama akabaki mkekani. Gari lilipita karibu kila siku, na yeye akawa analiandalia: ananawa uso, anajifunga kitenge upya, anageukia barabarani. Likichelewa hagusi chakula. Miguu ikaanza kuvimba, sauti ikapungua. Majirani waliokuwa wakituletea uji wakawa wanauweka mlangoni na kuondoka bila hodi, maana sisi sote tumekuzwa tukiambiwa kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Mama aliitikia kila siku, tena kwa furaha. Nilimwona anakwenda, kidogo kidogo, anakwenda. Nilikuwa nimeshamzika dada, na haki ya Mungu sikuwa na nguvu ya kumzika na mama.

Nilikwenda ofisini kwao mjini nimevaa aproni ya kiwanda cha samaki nilikokuwa nafanya kazi, nanuka sangara, makusudi kabisa. Bwana mmoja mwenye tai alinikaribisha, akanipa soda baridi. Nilipomwambia mimi ni ndugu wa nani, uso ukamchangamka.

“Dada yako! Anafanya kazi nzuri sana kule Magu. Wazee wote wanamwitikia.”

“Dada yangu amekufa.”

Alinipa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kweli. Kisha akasema polepole, “Lakini kwenye kaseti hajambo.”

Nusura nimmwagie ile soda. Nikambembeleza waache kuipiga ile kaseti, nikapiga magoti, mimi huyu! Akasema kampuni inampenda dada kuliko wote waliorekodiwa, na kwamba Jumamosi kuna mkutano mkubwa stendi ya Buzuruga, wageni wa kampuni wanakuja kumsikia.

Nilimsimulia mama kwa hasira tu, nikijua hawezi kutoka uani. Jumamosi akasimama. “Nishike mkono,” aliniambia. “Mtu anakusalimia kila siku, wewe humwendei?”

Tulikwenda mguu kwa mguu, mama peku, nywele za msiba timutimu, kitenge kimefifia. Stendi ilikuwa imejaa fulana. Watu walipoona mwenye matanga ametoka nje walitupisha, hata wapiga debe wakanyamaza. Mama akaenda hadi mbele, akaketi chini, mbele ya spika.

“Shikamooni wazazi wangu. Hamjambo ndugu zangu?”

“Marahaba, mwanangu,” mama alisema. Wachache walicheka. “Ni mimi, mama yako. Baba yako mdogo amekataa kuanua matanga kwa sababu yako. Tumeshakuzika, mama. Uko nyuma ya jiko, udongo nimeutupa kwa mkono wangu. Umesalimia vya kutosha. Nyamaza sasa.”

“Nikanywa chai ile,” dada aliendelea, “na sasa si…” Akanyamaza.

Jenereta lilikuwa linaunguruma vilevile. Fundi wao alikuwa upande wa pili wa gari, ana sigara mkononi. Baadaye alisema mashine ilimeza mkanda, nami niliuona ukining'inia, umekatika. Sawa, mashine humeza mikanda. Lakini pale stendi hakuna aliyemuuliza. Mzee mmoja alivua fulana yake, akaiweka chini taratibu. Jirani yake akavua. Hakuna aliyepiga kelele wala kukimbia. Wanaume walivua mmoja mmoja, wakaenda zao vifua wazi, na wageni wa kampuni wakabaki jukwaani wanatazama nguo zao zimetapakaa stendi nzima. Pikapu ile sikuiona tena Buzuruga.

Njiani moyo wangu ulikuwa unashangilia. Nilikuwa sijapata kuwa na furaha kama ile tangu dada augue. “Mama, umewakomesha!” nikamwambia.

“Nani?”

Ndipo nikaona analia. Alikuwa hajawaona kabisa wale watu wa fulana.

“Umesikia alivyonyamaza?” aliniuliza. “Nimemwambia mara moja tu. Tangu mtoto hakuwahi kunibishia.”

Baba mdogo alirudi kwa meli, mbuzi akachinjwa, wembe ukatoka mfukoni. Mama aliinamisha kichwa, nywele zikawa zinaanguka mapajani. Barabarani kulikuwa kimya. Katikati ya kunyolewa alinishika kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilidhani alimsemesha mwanawe kwa ukali.