Kizingiti cha Jiko la Mama

Kosa langu la kwanza baada ya kuitwa mtu mzima lilikuwa kudhani kwamba utu uzima ni mtihani, na kwamba nikikariri masharti yote nitapata mia kwa mia. Hadi leo, nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi, hukumbuka Desemba ile ya kijijini kwetu Kiirua, mwaka niliomaliza darasa la nane nikatahiriwa. Nilipopona nikatoka na shati jipya na kofia, watu wakaanza kuniita muthaka, kijana aliyekwisha kuvuka. Binamu yangu Mwenda, aliyeniuguza, alikuwa amenifunza sheria: muthaka halii, hatumwi dukani, wala haingii jikoni kwa mama yake. Nilimwuliza tena na tena mpaka akachoka. "Wewe unasoma kama utaulizwa kesho," akanicheka. Hata kutembea nilifanyia mazoezi, polepole, mikono nyuma.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Jioni moja ya mvua, baba akiwa kazini Nanyuki, mama alikuwa akiipua sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, akateleza. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha sauti ya mama, fupi, kama ya mtu aliyekatizwa maneno. Nilikimbia hadi mlangoni, nikasimama. Alikuwa chini kando ya mafiga, maji ya githeri yamemmwagikia mguuni, mvuke ukipanda kutoka kwenye sketi yake. Dada yangu Kendi, ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanamng'oka, alikuwa amemshika kwapani akimvuta, na mama hasogei.

"Kuja umshike huku," Kendi akaniambia.

Niliinua mguu. Mama akanitazama. "Usiingie, muthaka," akasema, meno ameyakaza. "Watakucheka."

"Basi asimame hapo na ukubwa wake," Kendi akasema. Akachota maji ya ndoo kwa kikombe, akammwagia mguuni, akachota tena, akimbembeleza kama yeye ndiye mzazi. "Pole mami. Kaza roho."

Mvua ilinipiga mgongoni. Nilitafuta kichwani sheria ya kuniruhusu, sikuipata. Mwenda hakuwa amenifunza hiyo. Nililia, kwa hiyo hata ile nyingine niliivunja, na haikumsaidia mtu. Mwishowe mama alijikokota mwenyewe, Kendi akimsukuma kutoka nyuma, na alipofika kizingitini nikamshika. Nilimbeba hadi barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Alikuwa mwepesi. Ningeweza kumtoa peke yangu, tangu mwanzo.

Mguu ulipona, lakini ngozi ilijikunja nyuma ya goti na mpaka sasa haunyooki vizuri. Nimejaribu kumwomba msamaha. Hunijibu kwamba nilifanya vyema, nilijiheshimu, na anaposema hivyo ananitazama kwa fahari, nami hukosa pa kuweka macho. Nikisikia mtu akisifiwa kwamba amekomaa, simfikirii mwenye ndevu wala mwenye kofia. Namfikiria Kendi na kile kikombe. Yeye hakuwa amefunzwa chochote. Aliona tu anayeumia.

Siku hizi nimepanga chumba Nchiru na ninajipikia. Nikienda nyumbani, mama bado hunifukuza jikoni, na baba hujifanya haoni. Sitoki. Githeri naipua mimi.