Mashine ya Athanasie Siku ya Umuganda

Athanasie hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alikulia Bujumbura, akafiwa na mume Kigali, na tangu hapo alijilisha kwa chumba kimoja cha Kimisagara na kompyuta moja ya mezani, akichapa kadi za harusi na barua za watu. Ijumaa jioni, kesho yake ikiwa umuganda, ile Jumamosi ya kazi za pamoja za mtaa, kompyuta hiyo ilizimika ghafla, ikaacha harufu ya waya ulioungua.

Shemeji yake, Jean-Berchmans, aliipokea habari kama mtu aliyekuwa akiingojea.

"Kesho umuganda ukiisha nakuja na pikapu," alimwambia kwenye simu. "Kama mashine haiwaki, tunabeba meza, unarudisha chumba, unakuja kuuza vitunguu na sisi Kabuga. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Shemeji."

Kwa uchovu, Athanasie akasema sawa, kisha akajilaumu vibaya. Vitunguu havina ubaya. Ubaya ni kuamriwa, na yeye alishaonja kuwa na mlango wake mwenyewe.

Alfajiri akaanza. Fundi wake wa Gatsata alikuwa safarini, lakini kila alipompelekea mashine, Athanasie alikuwa akiikodolea macho mikono yake. Akachomeka taa ukutani, ikawaka. Umeme upo. Akabadilisha waya wa kompyuta: kimya. Akaufungua ubavu wa mashine, akachomoa plagi pana inayotoka kwenye pawa saplai, lile sanduku la chuma linaloigawia mashine umeme. Akaunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi kwa kibanio cha karatasi, kisha akawasha. Sanduku lingekuwa zima, feni yake ingezunguka. Haikutikisika.

Na nani aliyeliua? Matundu ya nyuma yalikuwa yamezibwa na vumbi na nyuzi nyeupe. Kile kitambaa cha kufuma! Nyumba yenye heshima huivisha redio, huivisha televisheni, naye Athanasie akaivisha kompyuta mpaka mgongoni, ikapikika ndani ya pambo lake.

"Mana we!" alimwita Mungu kwa Kirundi chake, akakitupa kitambaa kwenye ndoo ya nguo chafu.

Hakulifungua lile sanduku, maana hata likichomolewa hubaki na umeme wa kumrusha mtu. Alihitaji jingine, na maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa umuganda. Basi akabeba jembe, akazibua mtaro na majirani kwa hasira za kuchimba mwamba. Kazi ilipokwisha wakakaa mkutanoni, pale watu wanapotangaza mambo ya mtaa. Athanasie akasimama, tope miguuni.

"Majirani, nani iko na kompyuta yenye ilikufa? Siitaki yote. Nataka tumbo yake tu."

Watu wakacheka. Keith, mwenye saluni ya jirani, aliyekulia Uganda, akainua mkono. "Auntie, kwangu iko moja. Ilikufa kichwa, sasa iko nabeba televisheni."

Kufa kufaana. Dakika chache baadaye kibanio kiliingia kwenye plagi ya sanduku la marehemu, feni ikazunguka, na Athanasie akajipigia makofi peke yake. Akalihamishia kwenye mashine yake, akafunga skrubu, akachomeka plagi pana, akawasha. Feni zikavuma, lakini kioo kikabaki cheusi. Wakati huohuo pikapu ikapiga honi mlangoni.

"Shemeji, tuache mchezo," Jean-Berchmans alisema, akiikamata ncha ya meza. "Hii imekufa."

"Toa mkono."

Aliogopa, tena sana. Hata hivyo akachomoa waya wa ukutani, akazifuata nyaya za ndani moja moja kwa kidole, bila haraka, ingawa alitamani kumzaba mtu kofi. Karibu na ubongo wa mashine akagusa tundu dogo la mraba, tupu. Plagi yake ndogo ilikuwa imejificha nyuma ya nyaya nyingine. Akaisukuma tunduni mpaka ikalia ta. Akachomeka, akabonyeza.

Kioo kikang'aa. Athanasie akalia, ndiyo, mbele ya shemeji na bila aibu yoyote. Jean-Berchmans alikuwa bado ameshika meza, asijue la kufanya nayo.

"Na Kabuga? Nimekwisha kuwaambia watu unakuja."

"Uwaambie niko kwa kazi yangu," alijibu, akivuta kiti. "Na hiyo meza, Shemeji, sukuma irudi kwa ukuta."

Akaisukuma.