Siku Nilipoongea na Benki kwa Sauti ya Mke Wangu

Hii aibu nimeikalia karibu mwaka mzima na ningeendelea kuikalia, lakini kwa vile kila mtu hapa gereji anaisimulia vile anavyotaka (juzi nimesikia eti nilivaa rinda, jamani, sikuvaa rinda), nimeona heri niitoe mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, mimi nilishazoea.

Kwanza mjue hivi. Mimi Mutiso ni fundi wa pikipiki hapa Sultan Hamud, najulikana, lakini nyumbani kwangu kila kitu kiko kwa jina la mke wangu Ndinda: akaunti ya benki, mita ya stima, maji, kila kitu. Si kwamba nimekaliwa na mke. Ni kwamba kuna mwaka nilitumwa benki na karo ya mtoto wetu Kyalo nikarudi na pikipiki mbovu ya kung'oa vipuri, na tangu siku hiyo Ndinda akasema pesa za nyumba hii nitakuwa nazisikia tu kwa jirani. Sikubisha. Ningebisha nikisema nini?

Sasa Ndinda alikuwa na goita, ule uvimbe wa shingo, na mwaka jana ikabidi apasuliwe. Upasuaji ulienda vizuri, shingo ikarudi ya msichana, lakini alipoamka sauti haikuwepo. Akifungua mdomo inatoka hewa tu. Daktari akatuambia mshipa wa sauti umeshtuka kidogo, unaweza kupona baada ya wiki kadhaa, unaweza kuchukua miezi, na wengine, akasema akiangalia makaratasi yake, hairudi. Na huyu ni Ndinda ninayewaambia, yule anayeanzisha nyimbo kanisani, yule akiniita chakula nikiwa hapa gereji nasikia bila simu! Wiki tano nyumba ikawa kimya, anaandika kwenye daftari, "chumvi imeisha", "funga mlango", na mimi namwambia itarudi, mama, itarudi, kisha nakuja hapa nafungua injini ambayo haina shida yoyote ili tu nisikae nikifikiria.

Mama yake alikuwa ametoka kwao Kanyangi kuja kumuuguza, na hapo ndipo mnatakiwa kunihurumia, kwa sababu sisi Wakamba tuna ile heshima tunaita nthoni: mama mkwe humkazii macho, hukai naye karibu, na jina lake halitoki mdomoni mwako hata ukiwa umelala. Mimi miaka ishirini sijawahi kulitaja. Tulikuwa tunapishana kwa uwanja wetu mdogo wa nyumbani, yeye akipita huku mimi napita kule, tukisalimiana kupitia kwa kuku.

Basi Jumanne moja, mchana, ile baridi ya mwezi wa saba, stima ikazima. Tokeni za mita zimeisha. Na jikoni kuna vifaranga sitini wa Ndinda wanapata joto kwa balbu, na nikiwasikia wanalia nikajua nina kama saa moja hivi. Ndinda alikuwa amelala baada ya dawa, simu yake, ile anayonunulia tokeni kutoka akaunti ya benki, iko juu ya meza, na kwa simu yangu kulikuwa na shilingi saba. Ningemwamsha aniwekee namba ya siri, yangekwisha. Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu, mengine yote ni matokeo: nikaona nisimsumbue, nitabahatisha. Nikaweka mwaka tuliooana. Hapana. Nikaweka mwaka aliozaliwa Kyalo. Hapana. Nikaweka moja mbili tatu nne (sijui kwa nini, Ndinda si mjinga), na akaunti ikafungwa.

Jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikasema mwanaume hakimbii, nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Msichana akapokea kwa sauti nzuri sana, nikamweleza nataka kufungua akaunti ya bibi yangu, akasema, "Samahani baba, tunaongea na mwenye akaunti peke yake."

"Mwenye akaunti hana sauti."

"Basi akipata sauti atupigie."

Akakata. Ati akipata sauti! Nilipandwa na hasira ninyi, nikatembea mpaka nyuma ya jiko mahali Ndinda hawezi kunisikia, nikaweka leso ya mfukoni mdomoni, nikakohoa, nikapiga tena. Na niwaambie ukweli, ile sauti ilitoka sawasawa. Miaka ishirini ukiitwa na mtu unajua vile anavyopandisha na vile anavyoshusha. Nikasema, "Halo mwanangu, mimi ni Ndinda," na nywele zikanisimama, maana nilikuwa sijaisikia kwa wiki tano.

Huyu alikuwa msichana mwingine. Akauliza nambari ya kitambulisho, nikamsomea kutoka kwa kadi ya hospitali. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Kadi imeandikwa umri tu. Nikafikiria, nikafikiria, nikasema, "Nilizaliwa wakati wa mvua."

"Mvua gani, mama?"

"Ile kubwa."

Akasema sawa, tujaribu swali lingine, taja majina mawili ya mama yako mzazi.

Asi! Nilitamani ardhi inimeze. Jina nalijua, nililiona kwa kadi ya kliniki ya mama mkwe, lakini kulijua na kulisema si kitu kimoja. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna mtu. Mama mkwe alikuwa ameenda barabarani kuwapokea akina mama wa kanisa waliokuwa wanakuja kumwona mgonjwa. Nikasema polepole, "Rebeka Syombua."

"Sikusikii mama, mtandao uko chini. Rudia kwa sauti."

"Rebeka Syombua."

"Kwa sauti kidogo, mama."

Basi nikajaza kifua hewa nikapaza, kwa sauti ya Ndinda, ile ya kuanzisha wimbo, "REBEKA SYOMBUAAA!"

Na kutoka kwa lango nikasikia mtu akiitikia, "Ndinda! Mwanangu! Nakuja!"

Kumbe walikuwa wameshaingia. Vigelegele! Akina mama kumi na wawili, "Haleluya, sauti imerudi, Bwana asifiwe," mifuko ya unga inaanguka, na mbele yao mama mkwe, magoti yake yale mabaya, anakimbia, nawaambia anakimbia kuzunguka jiko mikono imenyooka kumshika mtoto wake, na akakutana na mimi, leso mdomoni, simu sikioni, na msichana wa benki anauliza, "Mama? Uko salama hapo?"

Vigelegele vikafa kimoja kimoja, wale wa nyuma wakiendelea kwa sababu hawajaona. Mama mkwe akaniangalia uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nioe, kisha akajifunika kwa kitenge chake akageuka. Na dirishani alikuwa Ndinda. Alikuwa ameamshwa na sauti yake mwenyewe. Alisikia yote, alisikia vile watu walivyofurahi, na aliona vile walivyonyamaza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hata kulia hakukuwa na sauti. Aibu ya leso ni ya kuchekesha, mnaweza kuichukua. Hiyo ya dirishani mniachie.

Msichana akasema wamefunga akaunti kabisa kwa usalama wa mteja, mwenyewe afike tawini na kitambulisho.

Vifaranga je? Mama Zamzam, yule jirani yetu wa duka aliyetoka upande wa Garissa, alikuja mbio kwa zile kelele, akasikiliza kisa chote akiwa ameshika kiuno, akatoa simu yake akanunua tokeni hapo hapo. "Mutiso," akasema, "mimi niko hatua thelathini kutoka kwa mlango wako. Si ungeniuliza tu?" Nikaenda kuziingiza kwa mita, balbu ikawaka. Kila siku tangu upasuaji alikuwa analeta maziwa ya ngamia kwa Ndinda na hajawahi kuitisha hata chupa.

Asubuhi yake tukaenda benki Makindu, mimi na Ndinda, yeye na daftari lake na uso umekunjwa. Tangu jana hakuwa ameniandikia hata neno moja. Dada wa kaunta akachukua kitambulisho, akaangalia picha, picha ina shingo hii na mbele yake kuna shingo ile, na bandeji juu. Akasema, "Mama, taja jina lako kamili." Ndinda akaandika. "Naomba useme, mama." Ndinda akaonyesha shingo. Kidole kwenye mashine kikakataa, tukapangusa, kikakataa tena. Ndipo dada akasoma kitu kwa kompyuta na akabadilika sura, akaniangalia mimi, akainama akamuuliza Ndinda taratibu, lakini ukumbi mzima ulisikia, "Mama, hapa pameandikwa jana kuna mwanaume alijifanya wewe. Huyu uliyekuja naye unamjua?"

Ndinda akageuka. Akaniangalia kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kofia. Akatikisa kichwa. Hapana.

Jamani! Kabla sijapumua askari wa mlangoni alikuwa ameshanishika mshipi wa suruali kwa nyuma, ananiinua nasimama kwa vidole. "Ni bibi yangu!" nikasema. "Kama ni bibi yako," askari akasema, "alizaliwa lini?" Nikasema, "Wakati wa mvua," na foleni nzima ikaangua kicheko, mzee mmoja hata akapoteza nafasi yake kwa kucheka. Nikajitetea, nikawaambia sikuwa mwizi, nilikuwa naokoa vifaranga, nilikuwa nimefanya tu hivi, na kwa sababu akili ilikuwa imeniruka nikawaonyesha, pale pale katikati ya ukumbi, nikining'inia kwa mshipi: "Halo mwanangu, mimi ni Ndinda!"

Ndinda akacheka.

Mwanzo mabega tu. Kisha kukatoka kitu, kama mlango mkavu unafunguliwa, krr, na yeye mwenyewe akashtuka, akashika shingo, macho yakatoka. Akajaribu tena. Krr. Mimi nikaacha kupigana na askari. Nikamwambia usilazimishe, daktari alisema usilazimishe, lakini alikuwa ananyoosha kidole kuelekea kwangu na midomo inatetemeka, na akamwambia askari, kwa sauti ya mtu aliyemeza mchanga, "Ni wakwa."

Ni wangu, amesema. Askari akaniachilia. Mimi nililia, sifichi, fundi mzima, mbele ya watu waliokuja kuchukua pesa zao, na hawakujua ninalilia nini.

Dada wa kaunta naye alikuwa anajipangusa macho, lakini kazi ni kazi, akasema, "Sasa mama, taja jina lako kamili." Ndinda akataja, kwa kukwama. Tarehe ya kuzaliwa? "Tisa... mwezi wa kumi na moja." (Mnaona? Mvua! Tena kwetu Ukambani ndiyo ile kubwa!) Jina la mama? Akalitaja polepole kama mtu anayeonja chakula. Dada akasema imetosha, akaunti iko wazi. Nikamwambia, "Dada, nakuomba, muulize tena."

"Lakini nimeshamaliza, baba."

"Najua. Muulize tena tu." Na foleni ile yote, Mungu awabariki, hakuna aliyenung'unika, na yule dada akamuuliza tena, yote matatu, toka mwanzo, na Ndinda akajibu.

Tulipotoka nje akampigia mama yake. Akasema, "Mwaitu," yaani mama, akangoja. Na tukasikia mama mkwe kwa ukali ambao sijawahi kuusikia, "Baba Kyalo, nimevumilia ya jana! Acha hiyo tabia!"

"Mwaitu, ni mimi."

"Ati ni wewe nani?"

"Ni Ndinda."

Mama mkwe akasema, na hapo sauti yake ilikuwa inaogopa, "Kama wewe ni Ndinda, niambie mtungi wangu mkubwa ulivunjwa na nani." Ndinda akaniangalia. Mtungi huo ulivunjika akiwa darasa la tatu, na nyumba nzima inajua ulivunjwa na mbuzi wa kahawia, ambaye alichapwa kwa ajili yake.

"Si mbuzi," Ndinda akasema. "Ni mimi, mwaitu."

Mama mkwe akapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka simu ikakwaruza, na hicho chake hakikukatizwa na mtu.

Kwa kutaja jina lake ilibidi nipeleke mbuzi Kanyangi, ndivyo ilivyo kwetu, na nilichagua wa kahawia. Mama Zamzam nilimtengenezea pikipiki ya duka na akakataa kunilipa, akasema hapo sasa tunaelewana, na bado sijui alimaanisha nani anamdai nani. Tarehe tisa mwezi wa kumi na moja nilinunua keki. Sauti ya Ndinda haijarudi yote, wimbo anaanzisha chini kidogo, na kanisa zima linashuka naye.

Na simu yake siigusi tena, hata nyumba ikikaa giza. Ikilia na ni wale wa benki namkimbizia huko aliko, kisha najifanya natafuta spana hapo karibu, nisikie akiulizwa yeye ni nani, na nimsikie akijibu.