Siku Kukhu Alipotapika Uji Kianyaga

Ukipita Kianyaga ukasikia akina mama wakisema "yule mwalimu wa uji", ni mimi wanasema, na kwa sababu aibu yenyewe imeshaenea mpaka kwa mabibi wa kuchuma chai, afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine ikiwa imeongezwa chumvi.

Mimi nafundisha hesabu huku Kiganjo, kwetu ni Bungoma, na niko na gari. Sisemi gari mpya. Ni stesheni wagon nyeupe (ile nyeupe ya zamani imeanza kufanana na chai), naiita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu, na Kukhu hajaguswa na fundi tangu nimnunue, kwa sababu fundi ni mimi. Tangi la petroli lilipovuja nilisugua sabuni ya kipande mpaka likaziba, ekzosi ilipolegea nikaifunga na waya wa ua, na mlango wa nyuma unafunguka kwa kijiko, bora ujue pahali pa kukidunga. Walimu wenzangu hunicheka, lakini asubuhi ikinyesha wote wanajua ni nani wa kupigiwa simu.

Sasa mchumba wangu Muriithi akaniambia mama yake ameniita nyumbani Kianyaga siku ya Jumamosi, nijulikane. Mama alikuwa amemwambia, na Muriithi bila akili akanifikishia yote, kwamba anaogopa kuletewa mwalimu wa mikono laini, wa kukaa kwa kiti akingoja kuandaliwa, na boma lile la kahawa halina baba tena, linataka mtu wa kulishika. Na mama akikataa mambo yangekuwa yameisha, hilo nililijua, kwa sababu Muriithi ni kitindamimba na hajawahi kumpinga mama yake hata juu ya chumvi ya mboga.

Basi nikaamua naenda na Kukhu, nikiendesha mwenyewe, mama ajionee.

Ijumaa jioni nikapata radieta inavuja, tone, tone. Muriithi akasema, "Nekesa, si tuiache kwa fundi, tuombe gari ya rafiki yangu?" Nikamwambia aachane na gari yangu. Nilikuwa namkumbuka mjomba wangu, dereva wa lori la miwa, alivyozoea kusema radieta ikivuja na uko mbali na watu unatia unga kidogo tu, unabebwa na maji mpaka kwa tundu, unaiva pale, unaziba. Mjomba alisema kidogo. Mimi nikatia konzi mbili kubwa za unga wa ugali, na kweli ikaziba, nikazunguka soko nikipiga honi.

Jumamosi tukapita Karatina vizuri, tukafika Kutus vizuri, na pale Kutus nikaona matone tena. Mtu wa akili angesimama hapo. Mimi nikangoja radieta ipoe tukinywa soda, nikaingia dukani nikanunua pakiti (nilijiambia kama konzi mbili zimetutoa Kiganjo mpaka hapa, zingine nne zitanifikisha na kunirudisha, mwalimu wa hesabu huyo), nikatia, nikajaza maji, tukaanza kupanda kuelekea Kianyaga.

Barabara ikipanda, mshale wa joto la injini nao unapanda. Ndani ya gari kukaanza kunuka chakula. Muriithi akanusa, akasema, "Kuna mtu anapika hapa karibu." Nikasema ndiyo. Anayepika nilikuwa namjua.

Tulipofika, geti lilikuwa wazi na wanawake wamejipanga wakiimba, mama mwenyewe mbele akiwa ameshika kibuyu cha uji, ule uliochachushwa, maana kwao mgeni wa heshima hupokewa nao, na kando yake dada yake, ambaye Muriithi humwita Tata Wanjira, akiwa na viatu vipya vyeupe. Ningezima gari pale nje, ningesalimika. Lakini nilitaka kuingia kwa madaha, kwa hivyo nikapiga honi na nikakanyaga mafuta kidogo.

Kukhu akakohoa, mpira wa kupitisha maji ya radieta ukapasuka, ukachomoka, na uji ukatoka. Si maji, jamani, uji, mzito, unafuka moshi, umetoka mbele, umetoka chini, umetapakaa uwanja wote mpaka kwa viatu vya Tata Wanjira, na wimbo ukakatika katikati. Kuku ndio walisogea wa kwanza, wakaanza kudonoa.

Mama akaangalia kibuyu chake, akaangalia chini, akaniangalia mimi.

"Mwalimu," akasema, "kwani kwenu uji hupikwa na gari?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwa nyasi. Muriithi, uso umemshuka, akatoa simu. "Mum, wacha niite fundi wa Kutus."

"Hakuna fundi anaitwa," nikasema, na sijui hiyo sauti niliitoa wapi.

Nikaomba leso, nikajifunga juu ya ile nguo niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nikaomba ndoo za maji na tyubu kuukuu ya baiskeli, gari ilipopoa nikaingia chini. Nilisafisha unga mpaka maji yakatoka safi ya kawaida, nikakata pale mpira ulipopasuka, nikaurudisha na kuukaza kwa tyubu, halafu nikashika koleo nikakunja ule mrija mwembamba uliokuwa unavuja, ukaziba. Kazi ndogo hivyo, ningeifanya Ijumaa nikaenda kulala. Nililia kidogo huko chini, kwa sababu niliona nimeshapoteza mume kwa ajili ya pakiti ya unga, na nikaapa unga hautaingia kwa gari yangu tena hata nikwame porini.

Nikawasha. Kukhu akanguruma, hakuna tone. Nilikuwa mweusi mpaka kwa viwiko, lakini nilisimama wima, kwa sababu gari ilikuwa imepona na ni mimi niliyeiponya mbele yao wote.

Mama akaitazama mikono yangu. Akageuka, akaenda nyuma ya nyumba, na nikajua amekwenda kutafuta maneno ya kunirudisha Kiganjo kwa adabu.

Akarudi amebeba pampu ya kupulizia kahawa dawa, imejaa vumbi, akaiweka kwa miguu yangu.

"Hii ilikuwa ya mzee," akasema. "Inavuja hapa kwa shingo. Muriithi imemshinda."

Tata Wanjira akamshika mkono. "Wee, huwezi kumpa mgeni kazi."

"Mgeni yuko wapi?" mama akamuuliza, na akanishikisha kibuyu nianze kunywa.