Zahanati ya Udongo Mbichi

Hapa nitaonekana bwege, sawa tu. Juzi kwenye simu niliona picha ya yule mchora ramani Mtaliano, kazeeka, kasimama mbele ya jumba alilochora kwao. Zamani alikuja Kasulu kutuchorea zahanati, akaifinyanga kwanza ndogo, kwa udongo, ili kesho yake wazee waje kuikagua. Mchana ule niliigusa, nikaona bado mbichi. Kwetu tofali lisilochomwa, mvua moja tu linarudi tope. Nikaisukuma kwenye tanuri la matofali la baba, moshi wa mikaratusi ukinitoa machozi, nikijua namsaidia. Ikalia paa, ikapasuka! Baba akanidaka sikio. Mtaliano alivitazama vipande, halafu akaniambia, "Kijana, kazi zangu wamezikataa wengi. Kuzichoma, wewe wa kwanza."